Nimepanda kutoka Windows 10 kwenda 11, mashine imekuwa kobe. Nirudi nyuma au nivumilie? Zimebaki siku 4

Msamvu_Stationery (mleta mada)
Jumamosi 10 Januari 2026, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Nina stationery yangu ndogo hapa Morogoro, maeneo ya Msamvu: kuchapa, fotokopi, picha za pasipoti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Mashine ya kazi ni laptopu moja tu, i5 kizazi cha 8, RAM 8GB, hard diski ya 1TB ile ya kuzunguka. Niliinunua ya mtumba mwaka 2022 na tangu hapo hatujawahi kukoseana.

Tangu Oktoba kila nikiwasha inaniletea tangazo kwamba Windows 10 imefika mwisho, nipande 11 bure. Nikawa naipiga chenga. Jumapili iliyopita, tarehe 4, nilikuwa na bando la usiku linakaribia kuisha muda, nikasema liwalo na liwe. Ikashusha, ikazunguka, ikajizima na kujiwasha mara sijui ngapi, asubuhi nikakuta Windows 11.

Tangu siku hiyo sina amani. Kuwaka tu dakika saba hadi nane, zamani ilikuwa mbili na ushee. Nikifungua Word na picha moja, Task Manager inaonyesha diski 100%, kipanya kinaganda. Picha za pasipoti zinatoka zimepauka, kila mteja anaonekana kama ameruhusiwa hospitali jana. Skana ya printa haionekani kabisa. Na jana nimemchapia mzazi fomu ya kujiunga kidato cha kwanza, kurasa 14, tunasubiri karatasi, kimya. Kumbe ilikuwa inajihifadhi kama PDF. Mzazi anatazama saa, ananitazama mimi.

Nimesoma kwamba kuna siku 10 za kurudi toleo la zamani. Leo ni ya sita. Nirudi 10 ambayo apdeti zake zimekwisha, au nivumilie 11 ambako kazi haiendi? Na huu ndio msimu wangu, wazazi wamejaa mlangoni na makaratasi ya shule. Shusheni nondo.

---

Kijiwe_Nongwa
saa 3:20 usiku

Rudi 10 ulale. Hiyo 11 ni urembo tu, kitufe cha Start wamekipeleka katikati kama kachumbari kwenye sahani. Mimi sihami mpaka niingie kaburini.

---

Fundi_Kipara
saa 3:41 usiku

Mleta mada, usikimbilie kurudi na usikimbilie kuvumilia. Kwanza nunua muda.

Ulipopanda, Windows yako ya zamani haikufutwa. Imekunjwa ikawekwa kwenye folda inayoitwa Windows.old ndani ya drive C. Kwako inaweza kula hata zaidi ya GB 20. Ukirudi nyuma, mashine inaitoa humo na kuirudisha mahali pake. Siku 10 zikipita inajifuta yenyewe, na hapo njia ya kurudi ni kupiga windo upya tu, yaani kusakinisha Windows kuanzia mwanzo.

Watu wengi hawajui kwamba hizo siku 10 zinarefushwa. Fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) kama administrator, andika:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Hapo umepata siku 60 zinazohesabiwa tangu siku uliyopanda. Lakini lazima ufanye kabla ya siku 10 kuisha. Zikishapita, hiyo amri ni sawa na kumfungia ng'ombe zizi akiwa ameshaliwa.

Na tafadhali usije ukaingia Disk Cleanup kutafuta nafasi ukatiki palipoandikwa "Previous Windows installation(s)". Nimeona watu wanafuta daraja huku bado wamesimama ng'ambo wakifikiria kama wavuke.

Halafu kuhusu diski 100%: siku za mwanzo baada ya kupanda, mashine inaorodhesha upya mafaili yote kwa ajili ya kutafuta, na inashusha apdeti zake kimyakimya. Kwenye hard diski ya kuzunguka hiyo ni mateso. Ipe usiku mmoja ikiwa imewaka na intaneti ipo, uone.

---

Msamvu_Stationery
saa 4:05 usiku

Nimeandika hiyo amri, imejibu "The operation completed successfully." Angalau usingizi utakuja. Kuiacha usiku kucha nitajaribu leo, ila betri ya laptopu ilikufa siku nyingi, inaishi kwa waya. Umeme ukikatika ndiyo basi.

---

Nakuru_Saiba
saa 4:30 usiku

Salamu kutoka Nakuru. Niko na saiba ya mashine sita, na nataka nikuambie una bahati kuwa hiyo njia ya kurudi bado iko.

Mimi Novemba nilimwachia fundi mashine mbili za zamani, zilikuwa na Windows 10 ya biti 32. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hivyo huwezi kupanda juu kwa juu, lazima ufute uweke upya. Akafuta. Kwa hizo mashine kulikuwa na programu ya stoo aliyotengenezewa baba yangu miaka ya tisini, ya biti 16, ile ya skrini nyeusi. Windows ya biti 32 bado ilikuwa inaweza kuifungua ukiiwezesha. Ya biti 64 haiwezi, hata umbembeleze. Data iko salama kwa flashi lakini hakuna kitu cha kuisoma.

Nikaenda kutafuta "Go back", hakuna. Ukifuta diski, Windows.old inatoka wapi? Fundi anasema sikumwambia. Kweli sikumwambia. Na yeye hakuuliza.

Zile nne zingine ni za kizazi cha 6, hazikubaliki kwa 11 rasmi, kwa hivyo zimebaki kwa 10. Nimeziandikisha kwa ile ESU, nitaeleza kesho, nafunga duka.

---

Mzee_wa_DOS
Jumapili 11 Januari, saa 1:15 asubuhi

Vijana, mmenikumbusha mbali. Mwaka 2007 ilipotoka Vista, hapa mjini mafundi walipata hela ya kurudisha watu XP kuliko hela ya kuweka Vista yenyewe. Mwaka 2012 ikaja Windows 8 haina kitufe cha Start, watu wakalia, mwaka uliofuata 8.1 ikakirudisha kitufe. Ndipo ukazaliwa ule usemi wa vijiweni kwamba toleo moja zuri, moja baya, linalofuata zuri. Wengine wanaufuata kama nyota za majini.

Sasa niwaambie kitu. Windows 7 ambayo kila mtu anaisifu ilijengwa juu ya Vista ileile. Vista kwa ndani inajiita 6.0, na 7 inajiita 6.1. Kilichobadilika sana katikati hapo ni kwamba watengenezaji wa printa na kadi za picha walipata muda wa kuandika draiva zinazoeleweka (programu za kuendeshea vifaa hivyo), na watu wakanunua mashine zenye RAM ya kutosha. Vista ililaumiwa kwa madhambi yake, na kwa ya majirani pia.

Windows 11 nayo, andika ver kwenye CMD uone namba yake ya ndani: bado ni 10.0. Toleo la kwanza la Oktoba 2021 lilikuwa 10.0.22000. Ni nyumba ileile, wamepaka rangi, wamehamisha milango na kuongeza makufuli. Ndiyo maana draiva nyingi za 10 zinaingia 11 bila ugomvi. Kwa hiyo ukiniambia picha zimepauka na skana imepotea, mimi sikimbilii kulaumu namba 11. Nauliza draiva gani imekaa pale sasa hivi.

---

Binti_Tanga
saa 2:02 asubuhi

Mzee wangu shikamoo, umeniwahi. Kaka wa Msamvu, mimi pia ni stationery, Tanga, na hayo ya printa yalinikuta neno kwa neno.

Ulipopanda, mashine iliiacha draiva kamili ya printa yako ikakuwekea ile ya jumla, inayojua kuchapa na basi. Haijui karatasi ya picha, haijui skana, haijui rangi za wino wako. Ndiyo maana wateja wako wanaonekana wagonjwa: inachapa picha kana kwamba ni karatasi ya kawaida.

Fanya hivi. Ondoa printa kabisa kwenye mipangilio, chomoa waya wa USB. Nenda tovuti ya mtengenezaji, shusha kifurushi kizima, siyo kile kidogo. Kama hakuna kilichoandikwa Windows 11, chukua cha Windows 10 biti 64. Kisakinishe, usichomeke waya mpaka chenyewe kikwambie chomeka. Ukimaliza, fungua upande wa karatasi, chagua ya picha.

Ile ya kuchapa ikawa PDF: kwenye ukurasa wa printa kuna swichi inayoiruhusu Windows ikuchagulie printa kuu. Ukishahifadhi kitu kama PDF mara moja, inafikiri hiyo ndiyo printa unayoipenda. Izime, chagua printa yako mwenyewe. Hiyo swichi ilikuwepo hata kwenye 10, kwa hiyo hapo usimsingizie mtu.

Halafu pembeni kidogo, wenzangu wa kadi za harusi na michango: Publisher, ile programu ya Microsoft ya kutengenezea kadi, inafikia mwisho Oktoba 2026. Anzeni kuhamisha kadi zenu mapema. Mimi nina zaidi ya mia tatu, hata sijui naanzia wapi.

---

Penguini
saa 2:30 asubuhi

Weka Linux Mint uachane na utumwa. Inakimbia hata kwenye RAM 4GB.

---

Binti_Tanga
saa 2:33 asubuhi

Mdogo wangu, mteja akileta kadi ya Publisher na foleni ya watu tisa, nitamwambia asubiri nijikomboe?

---

Msamvu_Stationery
saa 11:48 jioni

Mrejesho. Dada wa Tanga, Mungu akuweke. Kifurushi kilikuwa cha 10, kimeingia bila neno. Skana ipo. Picha ya pasipoti nimejaribu na sura yangu, nimetoka na rangi yangu. PDF nimeizima.

Lakini mashine bado ni kobe. Nimeiacha usiku kucha kama alivyosema Fundi Kipara, umeme haukukatika, leo diski bado 100%. Kufungua Word nimehesabu dakika moja na sekunde arobaini. Kwa hiyo kinachonisukuma kurudi kimebaki kimoja, ila ndicho kikubwa.

---

Kijiwe_Nongwa
saa 12:10 jioni

Nilisema. Rudi 10. Hayo mambo ya apdeti kwisha ni ya kutishia watoto. Shemeji yangu ana Windows 7 mpaka leo, anachapa mitihani ya shule nzima.

---

Fundi_Kipara
saa 1:25 usiku

Nongwa, hapo sikubaliani na wewe, na siyo kwa sababu ya tangazo la mtu.

Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika siku hiyo, ni kweli. Kilichosimama ni viraka vya usalama. Tundu likigunduliwa leo, kwenye 11 linazibwa, kwenye 10 linabaki wazi na kila mwizi anajua liko wapi. Mei 2017, WannaCry ilipozunguka dunia, kiraka chake kwa Windows zilizokuwa na huduma kilikuwa kimeshatoka Machi, miezi miwili kabla. Walioumia zaidi walikuwa wasioweka apdeti.

Sasa fikiria kazi ya stationery. Siku nzima unachomeka flashi za watu usiowajua. Wateja wanafungua barua pepe zao kwako, wanakuachia namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, namba za mitihani za watoto. Mashine ya shemeji yako anayechapa mitihani bila intaneti ni suala lingine. Hii ya Msamvu ni mlango wa sokoni.

Ila kurudi 10 siyo lazima iwe kurudi gizani, na hapo ndipo namsubiri jamaa wa Nakuru.

---

Nakuru_Saiba
saa 2:50 usiku

Niko hapa. ESU ni nyongeza ya viraka vya usalama kwa Windows 10, kwa watu binafsi inaenda mpaka 13 Oktoba 2026. Hakuna vitu vipya, ni viraka pekee. Unaweza kulipa dola 30, ama utumie pointi 1,000 za Microsoft Rewards, ama ukubali mipangilio ya kompyuta yako inakiliwe kwa akaunti yako ya Microsoft na hapo hulipi. Mimi nilichukua hiyo ya mwisho. Akaunti moja inafikisha mashine kumi.

Masharti: uwe kwa toleo la 22H2, uwe na apdeti za karibuni, na uingie na akaunti ya Microsoft yenye ni administrator. Mlango wake uko palepale kwa Windows Update. Hata ukichelewa kujiandikisha, viraka vya nyuma unavipata.

Kwa mashirika ni bei ingine, dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, halafu inaongezeka mara mbili kila mwaka. Hiyo isikutishe, si yetu sisi.

Kwangu ilikuwa rahisi kuamua kwa sababu zile nne haziwezi 11 rasmi. Kuna kijana alitaka kunizungushia masharti kwa flashi aliyotengeneza kwa programu ya Rufus. Nikamwambia mashine yangu ya nyumbani sawa, ya biashara hapana. Wenyewe Microsoft wanasema mashine isiyotimiza masharti haina hakika ya kupata apdeti, sasa nitakuwa nimehama ili nipate nini?

---

Mzee_wa_DOS
saa 3:05 usiku

Swali la kiufundi limeshajibiwa basi. Limebaki la biashara. Mleta mada, ukirudi leo utapoteza saa ngapi, na ukibaki unapoteza saa ngapi kwa siku? Piga hesabu hiyo, achana na Start imekaa wapi.

---

Msamvu_Stationery
saa 3:40 usiku

Mzee shikamoo. Nimepiga. Kila mteja ananichelewesha dakika kama nne zaidi ya zamani. Siku ya foleni ni wateja hamsini na kitu. Wengine wanaondoka kwenda kwa jirani, nawaona.

Nimeamua kurudi 10. Kesho ni Mapinduzi, sifungui duka mapema, nitafanya asubuhi. Halafu ESU. Halafu mwezi wa sita msimu ukitulia nitapanda tena kwa utulivu. Kuna la kujihadhari?

---

Fundi_Kipara
saa 3:58 usiku

Kwa hesabu hiyo sikuzuii. Matatu tu.

Nakili mafaili yako ya kazi kwenye diski ya nje kabla hujagusa chochote. Wanasema mafaili yako hayaguswi, na kwa kawaida kweli hayaguswi, lakini mimi nakula kwa ugali wa watu waliosema kwa kawaida.

Programu au draiva uliyosakinisha baada ya kupanda itaondoka, kwa hiyo kile kifurushi cha printa kihifadhi, unaweza kukihitaji tena.

Na hiyo betri mfu ndiyo inayonitisha kuliko vyote. Umeme ukikatika katikati ya kurudi, unaweza kubaki huna 10 wala 11. Tafuta UPS.

---

Sikonge_Boy
saa 4:10 usiku

Aangalie na BitLocker, lile kufuli la diski! Dada yangu aligusa mipangilio ya BIOS tu, mashine ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Tarakimu arobaini na nane, wakuu. Ulikuwa kwenye akaunti yake ya Microsoft aliyofunguliwa na muuzaji wa duka, barua pepe haijui, nywila haijui. Picha za harusi zote ziko mle ndani mpaka leo.

---

Msamvu_Stationery
Jumatatu 12 Januari, saa 8:20 mchana

Nimerudi!! BitLocker yangu ilikuwa imezimwa. Nimeazima betri ya sola na inveta kwa jirani wa saluni, nikaingia Settings, System, Recovery, nikabonyeza Go back. Ikauliza kwa nini narudi, nikatiki sababu zote. Ikaniuliza kama niko tayari kujaribu apdeti kwanza, nikakataa. Ilichukua saa moja na dakika kumi, jasho lote la mwaka nimelimwaga leo.

Windows 10 ipo, wallpaper ya binti yangu ipo, mafaili yote yapo. Imewaka dakika tatu. ESU nimejiandikisha. Asanteni sana, mod anaweza kufunga uzi.

---

Kijiwe_Nongwa
saa 8:24 mchana

Karibu nyumbani.

---

Msamvu_Stationery
Alhamisi 15 Januari, saa 2:45 usiku

Mod usifunge.

Wakuu, naona aibu hata kuandika. Jumanne ilikwenda vizuri, Jumatano ikaanza kusuasua, leo mashine imekuwa kobe tena. Windows 10 hii hii. Diski 100%. Kuwaka dakika sita. Nikifungua folda ya picha za mwaka jana inaganda kabisa, halafu nasikia kitu kinagonga ndani, tk, tk, tk.

---

Mzee_wa_DOS
saa 2:51 usiku

Umesema tk tk tk? Zima hiyo mashine sasa hivi.

---

Fundi_Kipara
saa 3:00 usiku

Ninakiri kosa mbele ya jukwaa. Nilipoona "hard diski ya kuzunguka" na "100%", nikajua ni kule kuorodhesha mafaili, nikaishia hapo. Swali la kwanza lilipaswa kuwa afya ya diski yenyewe. Miaka yote hii ya ufundi na bado nimeingia mkenge kwa sababu kichwa cha uzi kilisema Windows 11.

Kesho asubuhi iwashe mara moja tu. Nakili kazi zilizoongezeka tangu Jumatatu. Kisha weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure na ndogo, utuambie rangi inayoonyesha.

---

Msamvu_Stationery
Ijumaa 16 Januari, saa 3:30 asubuhi

Manjano. Imeandika Caution. Reallocated Sectors na Current Pending Sector zote zina namba, siyo sifuri.

---

Fundi_Kipara
saa 3:52 asubuhi

Ndiyo huyo mchawi wenu. Maana ya hizo namba: kuna sehemu za diski zimekufa, nyingine mashine inajaribu kuzisoma mara nyingi kabla ya kukata tamaa, na wakati wote huo kila kitu kinasubiri. Pengine zilishaanza mwaka jana polepole. Kupanda kwenda 11 kuliandika mafaili mengi mapya kwa mpigo, mengine yakaangukia kwenye vidonda. Uliporudi 10, mafaili ya zamani yalikuwa bado yamekaa sehemu nzima, ndiyo maana ulipata siku moja ya furaha. Hiyo ni dhana yangu, siwezi kuiapia, lakini namba haziongopi kwamba diski inakufa.

Nunua SSD, diski isiyozunguka. Ya 480GB inakutosha. Na usiihamishe diski hii nzima nzima kwenda mpya, utahamisha na mafaili yaliyooza. Piga windo upya, rudisha kazi zako kutoka diski ya nje.

---

Binti_Tanga
saa 4:10 asubuhi

Pole kaka. Sasa utapiga ipi, 10 au 11?

---

Kijiwe_Nongwa
saa 4:12 asubuhi

10 jamani, si ameshaandikisha ESU!

---

Nakuru_Saiba
saa 5:40 asubuhi

Mimi mtu wa 10 nasema aweke 11. Mashine yake inakubalika rasmi, printa ishajulikana dawa yake, na anaanza na diski mpya tupu. Akiweka 10 sasa, Oktoba anarudia kazi hii yote. ESU ni ya sisi tusio na pa kwenda.

---

Fundi_Kipara
saa 6:15 mchana

Namuunga mkono jirani. Leseni haipotei kwa kubadili diski, inafungwa na ubao mama, ukiingia intaneti inajitambua. Ila ukipiga 11 toleo la 24H2 au 25H2 upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, inaweza kuwasha usimbaji wa diski bila kukuuliza. Ingia kwenye akaunti uhakikishe ule ufunguo wa tarakimu 48 upo, uandike na kwenye daftari. Mkumbuke dada wa Sikonge_Boy.

---

Msamvu_Stationery
Jumatano 21 Januari, saa 3:05 usiku

Mrejesho wa mwisho, naahidi.

SSD nimeagiza Kariakoo, imekuja na basi Jumamosi. Jumapili nimepiga Windows 11 mwenyewe kwa flashi, mara yangu ya kwanza maishani. Kuwaka sekunde kumi na nane, nimepima kwa simu mara tatu kwa sababu sikuamini. Draiva ya printa ileile ya dada wa Tanga. Start nimeirudisha kushoto, kuna mahali pake kwenye mipangilio ya taskbar. Ufunguo wa tarakimu 48 upo kwenye daftari la madeni, hakuna mtu atakayelipoteza hilo.

Kinachoniudhi bado ni menyu ya kitufe cha kulia, kila kitu ninachokitaka kimefichwa nyuma ya "Show more options". Nimezoea kubonyeza Shift na F10 kwa hasira.

Mod, naomba mbadilishe kichwa cha uzi. Kobe alikuwa diski.

---

Kijiwe_Nongwa
saa 3:31 usiku

Nimeweka hiyo CrystalDiskInfo kwenye yangu, nikiwa nawacheka. Manjano. Mleta mada, hiyo SSD ulichukua duka gani?